Makabidhiano ya Mama Minara

Mama Minara aliingia chumba cha mitambo akiwa na chupa ya chai kwapani, akavua viatu vya barabarani, akavaa kandambili zake za kazini na kuketi mbele ya skrini. Ramani ilikuwa imetulia. Kila mnara wa simu wa kampuni ulikuwa nukta ya kijani. Nukta ikigeuka nyekundu, ujue kuna mtaa mahali fulani ambako watu wanaita "halo, halo" na hakuna anayewasikia, na kazi yake ilikuwa kuirudisha kwenye kijani kabla hawajaanza kutukana.

Aliianza kazi hiyo akiwa msichana, na minara aliijua kama mwalimu wa zamu anavyowajua watoto watukutu. Kuna uliokuwa ukizira mvua ikinyesha. Kuna uliojifanya mzima huku betri zake zimekwisha, ukiuamini, umeumbuka. Mmoja, karibu na machimbo ya mawe, ulikuwa muungwana: kabla ya kuharibika, feni yake ya kupozea ilitoa mlio mwembamba. Mama Minara alikuwa akimpigia mlinzi wa pale na kumwambia asogeze simu kwenye kabati la mitambo, anasikiliza kidogo, kisha anasema, "Leo hautafika jioni." Na kweli haukuwa ukifika.

Alikuwa hajamimina hata kikombe cha kwanza Ofisa Utumishi alipoingia. Ofisa Utumishi alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mgonjwa anywe dawa. Aliwaambia wote waliokuwa zamu kwamba kampuni imeamua kubaki na biashara yake yenyewe, na kwamba kuangalia minara si biashara yake yenyewe. Kazi hiyo imepewa kampuni nyingine, ng'ambo.

"Kwa hiyo tunafukuzwa," alisema Mzee Betri, aliyekuwa na dhamana ya betri na majenereta.

"Hakuna anayefukuzwa, mzee wangu. Mnakabidhi tu."

"Tukishamaliza kukabidhi?"

"Mtakuwa mmeshakabidhi," alisema Ofisa Utumishi.

Atakayekataa kukabidhi, aliendelea kwa upole uleule, atahesabiwa kuwa ameacha kazi mwenyewe siku hiyohiyo, na bima yake ya matibabu itakoma hapohapo. Hapo Mama Minara akafunika chupa yake ya chai.

Nyumbani alikuwa na mume ambaye hakuweza kujigeuza kitandani. Mumewe alikuwa mpanda minara. Zamani naye aliajiriwa na kampuni ileile, mpaka kazi ya kupanda ilipopewa mkandarasi, mkandarasi akampa mkandarasi mdogo, na mkandarasi mdogo akampa shemeji yake. Mume hakuhisi tofauti kubwa. Aliamka saa ileile, akapanda mnara uleule, ila rangi ya fulana ilikuwa ikibadilika na mshahara ukipungua kila inapobadilika. Siku aliyoanguka, kila kampuni ilisema fulana aliyovaa si yake. Nyonga ilivunjika vipande. Daktari alikuwa tayari kuiunga, hospitali ilikwisha kutoa tarehe, na kilichobaki kumshika mtu yule duniani kilikuwa bima ya mkewe.

Makabidhiano yakaanza.

Kila mmoja alipewa kisikilizi cha kuvaa kichwani na mtu wa kumfundisha kwenye skrini. Wa Mama Minara alikuwa mwanamke wa rika lake, wa nchi ya mbali, mwenye uso wa mtu anayelala kidogo. Lugha alikuwa amejifunza kwa kanda, kwa hiyo alizungumza kama taarifa ya habari. "Habari za asubuhi. Mimi ni mwanafunzi wako. Niko tayari kupokea," alisema. Jina likamkaa: Mwanafunzi.

Siku ya kwanza Mama Minara alimfundisha ile minara inayozira mvua. Alieleza kwa nini, maji yanapenyea wapi, mwombe nani apande na umbembeleze vipi. Mwanafunzi aliitikia kwa kichwa, akauliza maswali ya maana. Kesho yake mvua ikanyesha, nukta zikawa nyekundu upande wa mashariki, na Mama Minara akaziangalia kama mtu anavyoangalia tangawizi zilizomwagika barabarani: aliona zimemwagika, lakini hazikuwa zake. Hakukumbuka cha kufanya. Ng'ambo, Mwanafunzi alibonyeza vitu viwili vitatu na nukta zikarudi kijani.

"Wewe pia?" aliuliza Mzee Betri kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi pia."

Mzee Betri alikuwa amefundisha majenereta. Jioni ile alitoka nje akakuta pikipiki yake imeegeshwa pale alipoiacha, akajua ni yake, ila hakujua inawashwaje. Wenzake wakamsaidia kuisukuma mpaka kwake. Kwenye mlima iliwatoa jasho. Kwenye mteremko ilijiendea yenyewe, na mzee akaikimbilia nyuma akiisihi isimame.

Walimweleza Ofisa Utumishi. Hakushangaa. Alikuwa ameshaulizwa na idara nyingine.

"Maarifa mliyoyapatia hapa ni mali ya kampuni," alisema. "Mali ikihamishwa haiwezi kubaki ilikotoka. Ingebaki, hiyo ingeitwa kunakili, na sisi kwenye mkataba tumeweka kuhamisha."

Hilo lilieleweka. Wakarudi kwenye viti vyao.

Tabu ni kwamba maarifa si kama nguo zilizoanikwa, useme unaanua hii na kuiacha ile. Yameshikana kama mizizi ya magugu. Ukivuta moja, unasikia udongo unacheza mbali kabisa. Mama Minara alipofika kwenye mnara wa machimbo na kumfundisha Mwanafunzi kuusikiliza ule mlio wa feni, alihisi kitu kikimtoka nyuma ya sikio, taratibu, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye pindo. Hakujua ni nini. Kesho yake Mwanafunzi aliingia kwenye skrini macho yamemvimba.

"Dada," alisema, na safari hii hakuzungumza kama taarifa ya habari. "Baba yako alikuwa akitengeneza redio."

"Ndivyo ninavyoambiwa nyumbani."

"Alikuwa akiweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha kwenye redio, anasikiliza. Wewe ukimshikia taa. Ndipo ulipojifunza kusikiliza. Halafu alikuwa akifumba jicho moja."

"Lipi?"

"La kushoto."

"Ahsante," alisema Mama Minara. Alijaribu kuuona uso wa mtu aliyefumba jicho la kushoto, akaona jicho tupu, limefumba.

"Nimemlilia usiku kucha," alisema Mwanafunzi. "Mume wangu ananiuliza nimefiwa na nani, nashindwa nimjibu nini."

"Pole kwa msiba," alisema Mama Minara.

"Nimeshapoa, dada."

Wakakaa kimya kidogo kwa heshima ya marehemu, kisha wakaendelea na mnara uliofuata.

Baada ya hapo Mama Minara alijaribu ujanja. Alichukua kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji na kukisoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, maana mle hamkuwa na kitu chake. Aliweza kwa siku chache. Jioni alifika nyumbani akiwa mzima, akaimba wakati wa kuosha vyombo. Kisha Ofisa Utumishi akamjia, akavuta kiti na kukaa karibu.

"Mama Minara, upande wa pili wanasema wanapokea maneno matupu. Sitaki kukutisha. Nakukumbusha tu kuhusu mgonjwa."

Mwanafunzi naye alimsubiri mpaka ofisa alipoondoka. "Nisamehe, dada. Sikukuchongea. Hapa kuna kipimo, nisipojaa, kinaonyesha. Nisipofaulu natolewa, na nyuma yangu kuna foleni inafika barabarani. Nina watoto."

"Hata mimi ninaye mmoja."

"Najua," alisema Mwanafunzi. "Lakini huyo bado simjui vizuri."

Mtoto mwenyewe aliitwa Laini, na jina hilo lilikuwa na sababu yake. Miaka iliyopita minara yote ilizimika kwa mpigo, nchi nzima ikawa bubu, na Mama Minara alikuwa zamu peke yake na Mzee Betri, mimba imetimia. Uchungu ulimkuta kwenye kiti. Hakuna gari lililoweza kuitwa kwa sababu hakuna simu iliyoweza kuita. Basi akawa anauamsha mtandao huku akizaa: mnara huu kwanza, pumua, ule wa pili, pumua, usiharakishe, wa tatu utaikaba njia. Mnara wa hospitali ulipofunguka, simu ya kwanza kupita nchini ilikuwa yake, kwa mkunga. Mkunga akamwelekeza kwa maneno mpaka mwisho, na mtoto akatokea katikati ya makabati ya mitambo, Mzee Betri akiwa amegeukia ukutani, akishikilia tochi kwa nyuma. "Laini imerudi!" alikuwa akipiga kelele mzee, akimaanisha mtandao. Jina likabaki kwa mtoto.

Namna ya kuamsha mtandao uliozimika wote ndilo lilikuwa somo la mwisho la makabidhiano. Hakuna aliyewahi kuifanya kazi hiyo isipokuwa yeye, na hakujua kuifanya kwa njia nyingine. Pumzi za uzazi ndizo zilizokuwa vipimo vyake.

Alimwomba Ofisa Utumishi somo hilo liachwe. Ofisa alisikitika kwa dhati, akasema bila hilo mengine yote hayatahesabika.

Jioni alimweleza mumewe. Mume alikuwa amelala chali, akiangalia dari ambayo kwa sasa aliijua kuliko mtu yeyote.

"Waambie umesahau."

"Wanajua sijasahau. Ningekuwa nimesahau, wangekuwa wameshapokea."

"Basi niache na nyonga yangu. Nimeshaizoea."

"Umezoea nini? Jana umeniita nikugeuze ubavu kama maiti, ukauma mto ili mtoto asisikie."

Nje Laini alikuwa akibishana na jirani yao mdogo juu ya kamba ya kuruka, na sauti yake iliingia dirishani, kali, ya mtu anayejua yuko sahihi.

"Mtoto hataniponyoka," alisema Mama Minara. "Nitaambiwa ni wangu, na mimi nitaamini. Wanaume wote si ndivyo mnavyoishi?"

Mume alicheka. Kicheko kikaigusa nyonga, maumivu yakamfumba macho, na alipofumbua yalikuwa na machozi ambayo hayakuwa ya nyonga. Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika kisigino, sehemu pekee ambayo haikumuuma.

Asubuhi alimwogesha Laini, ingawa mtoto alikuwa ameshavuka umri wa kuogeshwa.

"Mama, mimi mkubwa."

"Najua. Leo tu."

Alimsugua mgongo, akamhesabia vidole vya miguu, akamwangalia kovu la goti na kumuuliza alilipataje ili asikie akisimulia. Kisha akaenda kazini, akavaa kisikilizi.

"Uko tayari?" alimuuliza Mwanafunzi.

"Dada, nikuombe radhi kabla au baada?"

"Kabla. Baada sitajua ni ya nini."

Mwanafunzi akaomba radhi. Mama Minara akaanza: mnara huu kwanza, pumua. Alieleza kwa utaratibu, bila kuruka kitu, kama fundi anayejiheshimu. Katikati ya somo Mwanafunzi alishika tumbo kwa mikono miwili na kukunja uso, lakini hakuacha kuitikia. Walipofika mwisho alikuwa ametota jasho na anatabasamu kama mtu aliyewekewa kitu kifuani.

"Ana nywele nyingi," alisema.

"Nani?" aliuliza Mama Minara.

Jioni alipofika nyumbani, mlangoni palikuwa na mtoto wa kike mwenye kovu gotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu. Alimwangalia kama mtu anavyoangalia mji mkuu wa nchi fulani kwenye ramani: alijua ndio wenyewe, ila hakuwahi kufika. Akamuuliza kama amekula, kama ana kazi za shule. Akampikia, akamfulia sare, akamsikiliza akisoma. Hakukosea hata jambo moja. Alifanya kila kitu kama mfanyakazi mzuri wa mkataba. Laini alimtazama kutoka upande mwingine wa meza, na aliposhiba akaenda kukaa kitandani kwa baba yake.

Siku ya mwisho kampuni iliwanunulia keki. Ofisa Utumishi ndiye aliyeikata, lakini hakuweza kumwita yeyote kwa jina. Idara ya utumishi nayo ilikuwa imepewa kampuni ya nje, na alikuwa amekabidhi wiki ile. Aliwaita wote "ndugu zangu" na kuwapa mkono mmoja mmoja. Mzee Betri alifunga kipande chake kwenye karatasi, akaenda nacho nyumbani kwa miguu.

Nyonga iliungwa. Daktari alisema imekubali, kwa kiasi. Mume alianza kutembea kwa gongo, kutoka kitandani mpaka mlangoni, kisha mpaka barabarani, na kupanda kitu chochote kirefu kuliko kizingiti hakungewezekana tena. Mama Minara alizunguka kutafuta kazi. Kila alikoingia waliuliza ana ujuzi gani, naye kwa kuwa hakuzoea kusema uongo alijibu, "Nilikuwa nao." Mwisho alipata kazi ya kudeki, kupitia wakala, kwenye jengo lilelile la kampuni. Alideki mpaka chumba cha mitambo, ambacho sasa kilikuwa na viti vitupu na taa moja, na alipopita mbele ya skrini alizifuta vumbi bila kuziangalia.

Mwanafunzi hakupotea. Kila jioni baada ya chakula simu ililia, na Laini alikuwa wa kwanza kuikimbilia.

"Kikohozi kimeisha?" Mwanafunzi alikuwa akiuliza. "Usilale kifudifudi. Tangu mdogo ukilala kifudifudi unakohoa. Na yule mwalimu wako umemwambia huoni ubaoni? Mwambie. Unaogopa nini? Wewe ulizaliwa nchi nzima ikikusubiri."

Alikuwa akizungumza sasa kwa sauti iliyopanda na kushuka kama ya wanawake wa ukoo wa Mama Minara, na misemo ya bibi ambaye hakuwahi kumwona. Laini alijikunja na simu, akimweleza mambo ya shule, akicheka. Mama Minara alikuwa akifuta vyombo karibu nao, polepole, sahani moja kwa muda mrefu, ili asikie mtoto wake ni mtu wa namna gani. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba Laini anaogopa kuku, na kwamba alisema neno lake la kwanza akiwa mgongoni mwa mama yake. Hakumwonea Mwanafunzi wivu. Mtu huwezi kumwonea mwenzio wivu kwa kitu usichokijua ladha yake. Aliona tu kwamba sahani zinamchelewesha.

"Wanangu wameanza kumchukia mtoto wasiyemjua," Mwanafunzi alimwambia jioni moja. "Nawaita wote Laini."

"Wape pole."

"Nawapa."

Kisha ikaja jioni ambayo Mwanafunzi alimwomba Laini ampe mama yake simu kwanza.

"Dada, kazi inahama tena."

"Inakwenda kwa watu wa wapi?"

"Si watu. Ni mtambo. Hauli, haulali, hauna mume wa kuvunjika nyonga. Tumeambiwa tuukabidhi."

"Na unafundishika?"

"Unanyonya kama ndama. Juzi nimeufundisha ule mlio wa feni, nikaja nyumbani, nikakaa chini. Nilikuwa na mtu wa kumlilia, sasa sina." Akavuta pumzi. "Kesho ni somo la mwisho."

Mama Minara alisimama na simu sikioni. Alitafuta ndani yake kitu cha kusema kinacholingana na habari ile, kama mtu anayepapasa rafu gizani, akijua palikuwa na kitu. "Unaweza kukataa?" aliuliza.

"Wewe uliweza?"

Mama Minara alivuta kiti, akaweka simu mezani ili sauti isikike na wote, akamwita na mumewe, naye akaja kwa gongo lake. Mwanafunzi akasimulia kuzaliwa kwa Laini tangu mwanzo: kiti, uchungu, minara, mkunga, mzee aliyegeukia ukutani. Alisimulia vizuri, bila haraka. Mama Minara alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hadithi ilipofika pahali mtoto anatoka na kulia, alimwangalia Laini, na Laini akamwangalia yeye, kila mmoja akingoja kuona kama kuna kitakachotokea kwenye uso wa mwenzake.

"Ilikuwa hivyo?" aliuliza Laini.

"Inawezekana," alisema Mama Minara. "Inaonekana nilifanya kazi nzuri."

Jioni ya pili yake simu haikulia, wala iliyofuata. Laini alikaa nayo mkononi baada ya chakula, akiigeuzageuza, mpaka siku moja akapiga yeye mwenyewe. Iliita kidogo, ikakatika, na badala ya Mwanafunzi ikaja ile sauti ya kampuni ambayo kila mtu anaijua, laini na isiyo na haraka.

"Samahani. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Laini hakukata. Sauti nayo haikukata. Palikuwa na ukimya mfupi, kama wa mtu anayeegemea mlango.

"Umekula, mwanangu?" iliuliza.

"Nimekula."

"Umemwambia mwalimu huoni ubaoni?"

"Nimemwambia. Amenikalisha mbele."

"Vizuri. Ulizaliwa una nywele nyingi," ilisema sauti. "Tafadhali jaribu tena baadaye."

Ikakatika. Mama Minara aligeuka kutoka kwenye karai la vyombo, mikono ikitiririka maji.

"Nani huyo?"

"Kampuni," alisema Laini.

Mama Minara akaitikia kwa kichwa, akamwambia aiweke simu kwenye chaji.